Katibu Anajenga

Kijana wa kibanda cha vocha pale mtaani kwetu Mbagala siku hizi akiniona natokea kona ya msikiti anainuka kabisa kwenye kiti. Zamani nilikuwa mteja wa vocha ya mia tano, tena ya kukopa. Ila wiki ile moja nilinunua vifurushi vya intaneti mara tano, na mara ya tano ilikuwa saa nne usiku, nimevaa kikoi na kandambili za mke wangu.

"Mzee, kwema kweli?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa uchovu, bila kufikiri: "Kwema. Najenga."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mbagala neno hilo halina maana mbili. Uso wa kijana ukachanua. "Hongera mzee! Umefika wapi, msingi au lenta?" Nikamwambia bado nahangaika na vifaa, kila nikileta kimoja kinadai kingine. Akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kufilisiwa na saruji. "Ndivyo ujenzi ulivyo, mzee wangu." Nikachukua kifurushi changu nikaondoka. Kesho yake, kabla sijamaliza chai, mama muuza vitumbua alikuwa ameshajua kuwa katibu anajenga.

Sasa, msomaji, uelewe mimi ni katibu wa nini. Ni katibu wa chama cha kuzikana. Na kwa kuwa mweka hazina wetu anauguza mguu tangu mwaka jana, daftari la michango na kile kisanduku cha bati vinalala kwangu, uvunguni. Kwa hiyo inapovuma mtaani kwamba mtu wa namna hiyo anajenga, tena usiku usiku, watu hawaulizi anajenga nini. Wanauliza anajengea nini. Basi naandika haya yote mapema, yawepo kwa maandishi.

Yalianza na katiba. Katiba ya chama chetu ilipigwa tapureta mwaka 1988, kurasa 38, na nakala iliyobaki ni moja, imeliwa na mende pembeni na ina doa la mchuzi kwenye kifungu cha nidhamu. Mwenyekiti akataka iingizwe kwenye kompyuta ili kila mwanachama apate yake. "Mpe yule binti wa steshenari," akasema, "anachapa ukurasa mmoja shilingi elfu moja." Nikapiga hesabu: elfu thelathini na nane za chama. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayelinda mali ya umma, kwamba hakuna haja. Kompyuta ninayo, na mpwa anayesomea mambo hayo chuoni Dodoma ninaye. Waliokuwepo wote wanakumbuka. Hata kwenye muhtasari wa kikao imo, kwa sababu niliiandika mwenyewe.

Nikampigia mpwa.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Nina karatasi thelathini na nane za kuchapa."

"Usichape, anko. Mimi nina programu yangu, mradi wa chuo. Unaipiga picha karatasi, yenyewe inasoma maandishi. Ndani inatumia Tesseract. Nakutumia msimbo kwenye zipu, wewe unajenga tu."

Naomba mlitazame vizuri hilo neno "tu". Nina miaka hamsini na tatu, nimekopa kwa watu wengi, lakini sijawahi kuona neno dogo lililoniachia deni kubwa kama lile.

Nikamuuliza kwa nini asinitumie ile ya kuweka tu, ya kubonyeza endelea, endelea, nakubali, maliza. Maana sisi watu wa Windows ni watu wa sembe. Tunanunua unga kwenye mfuko, umeshasagwa, umeshapimwa, tunakwenda kusonga. Hata wale wajanja wanaoagiza programu kwa kuandika amri, wanatumia Chocolatey iliyotoka 2011, au Scoop ya 2013, au winget ambayo Microsoft wenyewe waliitangaza 2020, wengi wao bado wanaletewa sembe, ila kwa bodaboda. Kujenga kutoka kwenye msimbo ni habari nyingine. Ni kupewa gunia la mahindi ukaambiwa mashine ya kusaga itafute, na kama haipo iunde.

"Anko, programu yangu ni ya C++," mpwa akasema, kwa ule upole ambao vijana wanautumia kwa wazee na wagonjwa. "Maktaba inazotumia, yaani msimbo wa watu wengine, nazo lazima zilingane na kompaila yake, sivyo havishikani. Mimi huku Ubuntu naandika mstari mmoja, kila kitu kinashuka."

Baadaye sana niligundua kwamba yeye huko Ubuntu hasagi chochote. Kwa ule mstari wake mmoja anashushiwa sembe iliyosagwa na watu wengine. Aliyekuwa anasaga ni mimi, wa Mbagala.

Tukaanza na kompaila, ile inayougeuza msimbo kuwa programu. Windows haiji na kompaila ya C++. Ni kama kuhamia nyumba yenye jiko safi kabisa, vigae mpaka juu, halafu ukatafuta mwiko hakuna. Mwiko wenyewe Microsoft wanautoa, unapatikana, ila unashuka pamoja na sufuria, kabati, meza ya kulia na picha za ukutani. Nilichagua sehemu ya C++ peke yake, mashine ikanionyesha ukubwa wake kwa gigabaiti, nikadhani imekosea nukta. Haikukosea. Kifurushi changu cha wiki kiliisha siku ya kwanza, saa tano asubuhi.

Hapa lugha yetu imenitegea. Maktaba za programu zilizofungwa pamoja tunaziita kifurushi. Zile gigabaiti za kibandani nazo tunaziita kifurushi. Mke wangu alipouliza kifurushi alichonunua juzi kimekwenda wapi, jibu la kweli lilikuwa kwamba kimeliwa na kifurushi. Nilimpa jibu hilo. Akanitazama muda mrefu, akaenda kulala chumba cha watoto.

Siku ya pili nikafungua zipu ya mpwa. Faili zote zikatoka salama isipokuwa moja, iitwayo aux.cpp. Hiyo ilikataa. Nikajaribu mara ya pili, ikakataa. Nikawasha upya kompyuta, kwa sababu ndiyo tiba ninayoijua, ikakataa. Nikampigia. "Anko, hiyo ni faili ya kawaida tu." Tu nyingine.

Kumbe si ya kawaida. Tangu enzi za DOS, majina kama AUX, CON, PRN na NUL yamewekwa kando kwa ajili ya vifaa: CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, AUX ni lile tundu la nyuma ya mashine ambalo mara ya mwisho nililiona likiwa na buibui. Printa za namna ile zimekufa, mafundi wake wamestaafu, lakini majina yao kwenye Windows 10 yangu bado yanaheshimiwa kama mahame ya ukoo. Hujengi pale, hata ukiongeza cpp mbele. Mpwa aliposikia alicheka, akalibadili jina la faili akaliita msaada.cpp, akanitumia zipu upya. Yeye alitumia sekunde arobaini. Mimi nilikuwa nimetumia siku.

Halafu ikaja vcpkg, ambayo mpwa ameupangia mradi wake. Hii ndiyo mashine ya kusagia. Microsoft waliitoa mwaka 2016, mwanzoni kwa ajili ya watu wa Windows peke yao, kwa sababu watu hao walikuwa wanateseka. Niwe mkweli, ni kitu kizuri. Ukiiambia unataka maktaba fulani, inakwenda kuchukua msimbo wake, inautia viraka, inaujenga, inakuwekea mahali pake. Maktaba inazozijua zimepita 2,000. Kila moja ina maelekezo yake ya namna ya kujengwa, na wenyewe wanayaita port. Sasa mtu wa Dar es Salaam ukimwambia port, yeye anajua bandari, na akishasikia bandari anajua mzigo utakaa.

Ukakaa.

Niliandika amri yangu kuomba Tesseract. Tesseract akasema haji bila Leptonica, ambaye ndiye anayeshughulika na picha. Leptonica akasema naye ana ndugu: kuna wa picha za PNG, kuna wa JPEG, kuna wa TIFF, kuna wa GIF. Wa PNG akasema hatoki nyumbani bila zlib, mzee mmoja wa mwaka 1995 ambaye kazi yake ni kubana vitu vikae padogo. Wa JPEG akataka mkalimani wake wa lugha ya mashine, NASM, apakuliwe kwanza. Mimi ni mtu wa chama cha kuzikana, nimepanga misiba mingi, najua maana ya kumwalika mjomba mmoja wa Tanga akashuka na basi zima. Lakini hata kwenye misiba wageni hawaji na majiko yao. Hawa walikuja nayo. vcpkg ilipakua CMake yake. Ikapakua 7-Zip yake, na mimi nilikuwa nayo. Ikapakua hata PowerShell, ndani ya Windows iliyokuja na PowerShell! Nikainua macho nikamtazama mwanangu aliyekuwa anafanya hesabu za shule pembeni. Akasema, "Baba, mimi sijafanya kitu."

Na huyo CMake, msomaji, nina neno naye. CMake hajengi. Yeye ameandikiwa maelekezo na mpwa, anayasoma, halafu anaandika maelekezo mengine ya kumpa Ninja. Ninja naye hajengi. Ninja anamwambia kompaila, haya, jenga hii, sasa jenga ile. Nimefanya kazi ofisini miaka ishirini na sita, nilidhani mpangilio huo ni wetu peke yetu.

Kilichonimaliza nguvu zaidi ni kwamba kila maktaba inajengwa mara mbili. Ndivyo ilivyopangwa usipoiambia vinginevyo: nakala moja ya fundi wa kukagua makosa, nyingine ya kutumia. Yaani unapika sufuria mbili za pilau, moja ya kuonja, moja ya wageni, na ile ya kuonja ndiyo inayojaza jiko. Mimi sikuwa na haja ya kukagua makosa. Makosa nilikuwa nayaona bila msaada.

Saa mbili usiku, baada ya feni ya kompyuta kulia kama mashine ya unga ya Jumamosi, dirisha jeusi likaniletea habari kwamba ujenzi umeshindikana. Sababu: hitilafu C1083, faili fulani haifunguki, haipo. Nikaenda kutazama kwa macho yangu kwenye folda. Ipo. Nikaifungua, ikafunguka. Nikarudi kwenye dirisha jeusi, nikajenga tena. Haipo. Nikaita mke wangu aje awe shahidi. Akaja, akaitazama faili, akasema ipo. Akatazama maandishi mekundu, akasema, "Baba Neema, hiki kitu kinakudharau."

Hakikuwa kinanidharau. Tatizo lilikuwa adabu yangu ya ukatibu. Mimi folda zangu naziandika majina kamili. Mradi ule niliuweka Desktop, ndani ya folda ya Mambo ya Chama, ndani ya Katiba ya Chama cha Kuzikana ya Mwaka 1988, ndani ya Programu Aliyotuma Mpwa Kutoka Dodoma, ndani ya Toleo la Mwisho, ndani ya Toleo la Mwisho Kabisa. Windows, kwa desturi yake ya tangu zamani, njia nzima ya kufikia faili inataka isizidi herufi 260. Ukijumlisha majina yangu ya heshima na vifolda vinavyozaliwa wakati wa ujenzi, tulikuwa tumevuka mto. Tangu 2016 Windows 10 ina sehemu ya kuondoa mpaka huo, lakini kila programu lazima nayo ikubali kwa hiari yake, na zipo ambazo hazijakubali. Ndiyo maana faili ilikuwepo na haikuwepo. Zaidi ya hapo, nafasi nilizoacha kati ya maneno zinawachanganya wajenzi wengi, hasa wale waliozaliwa Unix, ambako nafasi maana yake neno limekwisha.

Wajuzi wote wanasema hivi: vcpkg iweke karibu na mlango, jina fupi. Nikaihamishia C, ndani ya folda iitwayo v. Herufi moja. Mimi, mtu ninayeandika Yah kwenye barua na kuipigia mstari chini! Na kwa nini C, si A? Kwa sababu A na B zilikuwa za diski za kuchomeka, zile za plastiki. Zimekufa siku nyingi, na viti vyao viwili vya mbele bado havikaliwi. Hata hiyo mistari inayolalia nyuma katikati ya majina ya folda ina kisa chake: folda zilipoingia kwenye MS-DOS mwaka 1983, mstari wa kulalia mbele ulikuwa umeshachukuliwa kwa kazi nyingine, wakaona bora waugeuze. Toka siku hiyo dunia nzima inaandika njia kwa mkono mmoja na Windows kwa mkono mwingine, na mtu kama mimi anayenakili amri kutoka huku kupeleka kule analipa tofauti.

Wakati naandika haya, mtaani lenta imeshapita. Nilipita kwa kinyozi nikasikia nimefika kwenye bati.

Siku ya tatu niliikosea kompyuta mwenyewe, sina wa kumlaumu. Kila nilipofungua dirisha jipya, amri ya vcpkg ilikuwa haijulikani, mpaka niitaje na njia yake yote. Dawa yake ni kuiandikisha kwenye PATH, ile orodha ya mahali ambapo Windows huenda kutafuta programu ikiitwa kwa jina. Nikaandika setx, nikaambatanisha orodha ya zamani na folda yangu mpya, nikabonyeza. Ikanipa onyo kwa herufi ndogo, nikalipita kama ninavyopita matangazo ya basi. Sasa setx ina tabia moja: inabeba herufi 1,024, zinazobaki inakata. Haikuulizi, inakata, kama fundi nguo aliyepewa kitambaa cha suruali ya mtu mnene. Nilipotazama tena, programu mbili nilizozoea kuziita kwa jina zilikuwa hazinijui, na folda niliyotaka kuiongeza, iliyokuwa mkiani, haikuingia. Jioni yote nilikuwa naokota vipande vya orodha yangu kwa mkono, kama mtu aliyemwaga mchele gizani.

Siku ya nne umeme ukaisha. Tuelewane: haukukatika, uniti za luku ziliisha, na mimi ndiye niliyeahidi kununua. Betri ya kompyuta yangu ina dakika kumi na moja za maisha. Nilikimbia mpaka kwa wakala, nikarudi nikiwa na namba ishirini za luku mkononi, nikaziingiza kwa mwanga wa simu, taa zikawaka, kompyuta imeshazima katikati ya Leptonica. Nikakaa chini. Lakini kwa haki ya Mungu niiseme vcpkg kwa uzuri wake: vile vilivyokuwa vimeshajengwa havikupotea. Iliangalia, ikawakuta zlib na wenzake wamekaa mahali pao, ikaanza pale pale kwa Leptonica. Mafundi wangapi wa Mbagala wanaweza hilo? Wa kwangu wa choo aliondoka siku tatu, aliporudi alianza kwa kuvunja.

Hapa wataalamu mmeshaanza kunyoosha mikono. Mnataka kuniambia kuhusu MSYS2. Najua. Nimeambiwa na watu watatu, wote baada ya kumaliza. Eti kule kuna pacman, meneja wa vifurushi waliyemleta kutoka Arch Linux, na Tesseract iko tayari, imeshajengwa, mstari mmoja basi. Kweli kabisa, niliijaribu baadaye. Ukiiweka unapata madirisha kadhaa yenye rangi tofauti, na kila rangi ni nchi yake: ukipakua ukiwa kwenye hili, ukaenda kujenga kwenye lile, hamjuani. Na hao wa huko wanatumia kompaila ya ukoo mwingine, GCC au Clang, ambayo maktaba zake za C++ haziozeki kwa kompaila ile iliyonilia kifurushi cha kwanza. Mpwa alikuwa ameupanga mradi wake kwa vcpkg. Ningehama, ningeanza upya posa, mahari na kila kitu. Jitihada za kuwaleta watu wa Unix waishi ndani ya Windows hazikuanza jana. Cygwin ni ya 1995, MinGW ikafuata miaka michache baadaye. Miaka thelathini wanahamia, na bado kila mmoja analeta godoro lake.

Siku ya tano, Ijumaa, saa saba kasoro mchana, ilijenga. Hakukuwa na kengele. Maneno mekundu hayakuja, basi. Ikatokea faili moja ya exe, ndogo, imekaa kimya. Nilitaka kumwambia mtu, mke wangu alikuwa sokoni, nikamwambia kuku.

Nikaipiga picha katiba, ukurasa wa tisa, kifungu cha haki za mwanachama aliyefiwa. Programu ikafikiri kidogo, ikatoa maandishi. Nikaanza kusoma kwa fahari, kwa sauti. Nikafika pale panapotaja sanda. Ilikuwa imeandikwa: "Chama kitatoa soda."

Nikarudia picha kwenye mwanga mzuri. Soda. Na palipoandikwa "ada" akaandika "Ada", kwa herufi kubwa, kama jina la mwanamke, kwa hiyo kila mwanachama alitakiwa kumtoa Ada kabla ya tarehe tano ya mwezi. Nikampigia mpwa.

"Anko, umeweka data ya Kiswahili?"

"Data gani tena?"

"Tesseract haijui lugha mpaka uipe faili ya lugha. Kwenye zipu niliweka ya Kiingereza. Ya Kiswahili ipo, inaitwa swa. Unaipakua tu."

Kumbe muda wote ule ilikuwa inasoma katiba ya Mbagala kwa macho ya Kiingereza, na kwa Kiingereza sanda haipo, soda ipo. Kitu kilichoanzia maabara za Hewlett-Packard mwaka 1985 kinajua Kiswahili, mtu hakuniambia. Nilitazama salio. Lilikuwa halitoshi hata kufungua ujumbe wenye picha. Ilikuwa saa nne usiku. Nikavaa kandambili zilizokuwa karibu.

Huo ndio usiku niliosema "najenga".

Katiba sasa imeisha. Kurasa 38, nimezisahihisha kwa kalamu, sanda ni sanda, ada ni ada, isipokuwa kifungu cha nidhamu ambacho doa la mchuzi limekifanya kisomeke vizuri zaidi kuliko kilivyoandikwa. Hesabu sitaificha: vifurushi vitano na uniti za luku vimepita ile elfu thelathini na nane, na zote zimetoka mfukoni mwangu. Folda ya v ipo palepale, imekula gigabaiti kumi na kitu, nyingi ni mabaki ya ujenzi ambayo mpwa anasema naweza kuyafuta bila shida. Sijayafuta. Ndiyo kielelezo changu pekee.

Kwa sababu baadaye mwenyekiti alinitumia picha ya ajenda za mkutano mkuu. Ya kwanza, kufungua. Ya pili, taarifa ya wagonjwa. Ya tatu, katiba. Ya nne imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: "Ujenzi wa katibu, na kisanduku."

Nimejaribu kujizoeza maelezo mbele ya mke wangu. Nilipofika kwamba nilikuwa najenga maktaba, akaniuliza na maktaba hiyo nayo iko wapi. Nikasema kwenye C, ndani ya v. Akasema wakinisikia ninavyoeleza hivyo, watanitoza faini kabla hawajafungua kisanduku.

Mkutano ni Jumapili, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa nyuma ya msikiti. Kama yupo msomaji wa Mbagala au karibu aliyewahi kujenga kitu kwa vcpkg, namwomba aje kama shahidi, na kompyuta yake. Intaneti asihangaike nayo, nitamnunulia kifurushi.